Sehemu ya Deo

Mwanangu, siku moja siisahau. Nilikuwa kijana Uvira, tunapandisha kabati ngazini mimi na binamu yangu. Yeye juu, mimi chini, uso wake siuoni. Lakini akisita tu, najua, uzito unaniambia. Ngazi zenyewe zilikuwa mbovu, haya, hayo tuyaache.

Kabati lile lilinirudia akilini hapa Durban, uzeeni, katika chumba changu cha kushonea. Jirani yangu Papa Anselme, aliyefundishwa muziki na mapadri, alikuwa na luti mbili, vinanda vya Ulaya ya zamani, kama gitaa zenye mgongo wa duara. Yeye na rafiki yake Deo walipiga nyimbo za watu wawili: mmoja anauliza, mwenzake anajibu. Sisi wageni tulipofukuzwa mtaa wa Cato Manor na nyumba kuchomwa moto, waliokoa luti na karatasi za muziki za Anselme. Za Deo ziliungua. Deo akahamia Pinetown, nje ya jiji, hakugusa uzi wa luti tena.

Anselme akaamua kuitunga upya sehemu iliyopotea, ili Deo arudi. Aliitafuta ndani ya sehemu yake mwenyewe: panapopumzika, Deo anajibu; panapopanda, Deo anashuka. Hali chakula, anaandika, anafuta.

"Ataipenda?" ananiuliza.

"Si umpigie simu umuulize?"

"Hapana. Nitamkumbusha moto ule. Kwanza wimbo ukamilike."

Jumapili akamwita Deo chai, chumbani kwangu ghorofani. Kwa hofu, hata kiti alikiweka kinyume, akakigeuza. Wakaanza kupiga. Mimi shule sina, lakini cherehani niliisahau. Katikati Deo akaacha.

"Kaka, hapa tulikuwa tunanyamaza wote wawili."

"Wote? Deo, hapo iko nafasi tupu. Watu watasema tumepotea."

"Eish! Si tulikuwa tunatazamana, ndipo tunaanza tena pamoja?"

"Sikumbuki. Lakini hii inaingia vizuri. Jaribu."

"Inaingia, ndiyo. Ila ni wewe na wewe, unajijibu mwenyewe. Ungeniuliza, kaka. Miye niko hai."

Akailaza luti kitini, taratibu, kama mtoto aliyesinzia. Akashuka, akavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, akaingia teksi ya Pinetown. Hakurudi tena. Anselme alibaki dirishani, chai inapoa.

Basi mwanangu, pengo la mtu aliye hai usilizibe kwa akili yako peke yako, hata kama unampenda. Ukiogopa kuuliza, uliza hivyo hivyo, sauti ikitetemeka. Mungu akuwekee mtu upande wa pili wa mzigo wako, na mwenzako huyo akisita, akujalie usimame.