Kifuniko cha Fundi Pumzi

Mume wangu wanamwita Fundi Pumzi, maana kila gari likiingia gereji lazima aseme, "Hili nalo linataka kupumua." Yeye hukunja bati, mimi huchomelea. Dereva wetu ni wifi yangu, dada yake mdogo. Ana mdomo huyo, we acha! Lakini mpe usukani uone.

Gari lake la mashindano lilikuwa likichemka kila likipanda mlima. Fundi akakata tundu kwenye boneti, akaliwekea kifuniko chenye bawaba: injini ikipata moto kinainuka chenyewe, ikipoa kinalala. Alikihangaikia kifuniko kile mpaka nikamwambia akioe kabisa. Wifi akaenda nacho mashindanoni, akawaacha wote vumbini, na kikombe kikaja kwetu.

Dereva aliyeshika nafasi ya pili akakata rufaa. Sheria ilisema, "Kifuniko cha boneti kiwe kimefungwa muda wote." Sasa, sisi mafundi tukisema tumefunga kitu, tumekikaza mahali pake. Tunafunga injini, tunafunga taa. Chetu kilifungwa kwa skrubu, hata ukivuta kwa koleo hakitoki! Mkaguzi wa mashindano, na tai yake, akasema kufungwa ni kama mlango: kisiwe wazi.

"Samahani mzee," mume wangu akamuuliza, kwa adabu kabisa, "na injini nayo ikifungwa inakuwa kama mlango?"

"Hatukuja hapa kufundishana lugha."

Nilitaka kumpa vidonge vyake, wifi akanifinya. Kamati ikaingia chumba cha pili, ikatoka na uamuzi: ushindi umefutwa, na vifuniko vya namna ile ni marufuku kuanzia siku hiyo. Tukarudisha kikombe. Nililia kwa hasira, sioni aibu kusema.

Sasa sikia kituko. Kumbe madereva wengine walishatuiga kimyakimya, kila mmoja na kifuniko chake cha mashindano yajayo. Wakajipanga gerejini kwetu kuzibiwa matundu. Hata yule wa rufaa, naye alikuwa nacho! "Shemeji, niwekee bamba zuri," ananiambia, macho makavu. Nikamtazama juu mpaka chini. Fundi hakumnunia mtu. Alinishikia mabamba, nikachomelea, wakaondoka.

Likabaki gari la wifi. Fundi akakata bamba lake taratibu, akalisugua kingo, akaliweka juu ya tundu. Halafu badala ya kunishikia kama siku zote, akatoka nje. Wifi ndiye aliyeshika. Nikachomelea.

Fundi aliporudi, alipitisha kiganja juu ya boneti.

"Litachemka mlimani," akasema.

Wifi, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kumpisha mtu barabarani, akamshika kaka yake bega.

"Basi nitaendesha polepole, kaka."