Niliacha kula kwa Masanja kwa sababu ya kamasi za mtoto, mpaka siku ya Uhuru iliponikuta na wangu

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana humu ndani nadhani wengi wenu nawazidi miaka arobaini na zaidi. Mjukuu ndiye aliyenifundisha kuandika humu, kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa mlaumuni yeye.

Jana kuna kijana kaleta uzi analalamika kwamba tangu mkewe ajifungue hawezi kumfuta mtoto kamasi, anataka kutapika. Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuchungulia.

Ngoja niweke yangu. Na hii siyo ile chai mnayonyweshana humu, ni mambo yaliyonikuta mwenyewe.

Miaka ya hamsini mwishoni nilikuwa karani wa mizani kwenye gulio la pamba, Kisesa. Napima magunia ya wakulima, naandika uzito.

Nisiwafiche, nilikuwa na maringo. Kaptura nyeupe, shati jeupe, nazipiga wanga wa muhogo na pasi ya mkaa mpaka zinasimama zenyewe. Soksi hadi magotini. Kikombe changu hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Nilipanga chumba kwa Masanja, mpakiaji wa magunia pale pale gulioni. Bachela sipiki, kwa hiyo jioni nilikula kwake. Mkewe, Mama Kabula, alikuwa akisonga ugali wa mtama na sato wa nyanya, acheni tu.

Sasa siku hiyo tumezunguka sinia. Mtoto wao mchanga kabanwa na mafua, anakoroma kama mtu mzima. Masanja kaweka tonge chini, kampakata, kaweka mdomo kwenye pua ya mtoto, kavuta.

Katoka nje katema. Kasukutua, kanawa, karudi, kachukua tonge lake kaendelea.

Wakuu, mkono wangu uligoma. Nikasingizia tumbo.

Sikula tena nyumba ile. Nikawa mtu wa mihogo ya kuchoma barabarani. Kibaya zaidi, nikaenda kuwahadithia wenzangu gulioni, tukambandika jina Mzee Mrija. Akaja kulisikia. Hakufoka, alisema tu, "Karani, wewe bado hujazaa."

Nikamwona mshamba.

Baadaye nikaoa, nikahamia Igoma. Msifikirie Igoma hii ya leo, wakati ule ilikuwa mashamba ya mihogo na nyumba za kuhesabu. Mwaka wa Uhuru tukapata binti, Sabina.

Siku ya sherehe Sabina ana miezi mitatu. Mke wangu Veronika alikuwa kwenye kikundi cha kina mama waliofanya mazoezi wiki nzima, waende kuimba uwanjani mjini. Asubuhi mtoto ana mafua kidogo, mama akasita. Mimi nikajitia kidume: "Nenda bwana, saa chache hizi zitanishinda?"

Akamnyonyesha, akapanda lori la pamba lililokuja kuchukua watu. Mtaa mzima ulipanda lile lori. Hata bibi jirani mwenye miguu mibovu alibebwa.

Nikabaki mimi, Sabina na kuku.

Haikupita saa moja pua zikaziba kabisa. Anavuta hewa haiingii, analia, anakabwa. Nikasokota ncha ya leso yangu nyeupe nikamwingizia puani, kumbe nasukuma kamasi ndani zaidi. Nikamkanda kwa maji ya moto, wapi. Nikatoka nje naita majirani, naitikiwa na majogoo.

Halafu akanyamaza. Kifua kinabonyea, midomo inabadilika rangi. Nikajua mwanangu anakufa mikononi mwangu, na nchi nzima inacheza ngoma.

Hapo sikufikiri tena. Niliweka mdomo nikavuta, nikatema pale pale sakafuni, nikavuta tena. Ina chumvi, kama mlitaka kujua. Mara ya tatu Sabina akanipiga chafya ya uso, akavuta pumzi, akaangua kilio. Nikakaa chini nikalia naye.

Veronika karudi alasiri, sauti imekauka kwa kuimba, kakuta shati langu limeganda kamasi.

"Baba Sabina, kumetokea nini?"

Nikamkabidhi mtoto anyonye kwanza. Nilipokuja kumweleza, alinishika mkono.

Jumapili yake nikapanda baiskeli hadi Kisesa. Masanja alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, na lile jina nilivyolianzisha, nikamwomba radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka mpini ukamdondoka, akapaza sauti jikoni: "Mama Kabula! Songa ugali, Karani kazaa!"

Siku hiyo nilikula, wakuu, mpaka nikaona aibu.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana, na nikabahatika kwamba niliyemcheka alikuwa amekwisha kunionyesha cha kufanya. Bila Masanja nisingejua, na binti yangu ningemzika. (Siku hizi duka la dawa kuna kimpira cha kuvutia kamasi. Nunueni, msiniige.)

Sabina sasa ni bibi wa watu. Kila Desemba wajukuu hunizunguka: babu, siku ya Uhuru ulikuwa wapi, uliona nini? Wazee wenzangu wana gwaride na ngoma za kusimulia. Mimi sina, sikuona hata bendera.

Mwaka jana Sabina aliwasikia, akawajibu kutoka jikoni: "Mwacheni baba yangu. Siku hiyo alikuwa na kazi."

Haya, uwanja wenu. Wewe uliapa hutafanya nini, na mtoto akakufanyisha?