Godoro la Mpira na Mgongo wa Fundi

Tangazo kwa walimwengu wote: mgongo wa fundi wa kuchomelea mageti, uliopinda kama msumari uliogongwa vibaya, hatimaye umepata mkombozi. Godoro la mpira halisi limeingia nyumbani, pamoja na kitanda cha chaga zilizoachiwa nafasi ili lipate kupumua.

Dukani, mkewe ndiye aliyechagua. Alivua viatu, akajilaza juu ya kila godoro na kujigeuza kama samaki kikaangoni, huku mwenye mgongo akishikishwa mkoba. Walipofika nyumbani akapiga marufuku kulivua godoro nailoni lililofungiwa dukani.

“Mama watoto, litapumuaje humo?” fundi akalalamika. “Natokwa jasho, nateleza, na nikijigeuza majirani wanadhani nafungua biskuti.”

“Vumilia. Umelala kwenye mabenchi maisha yako yote, leo umekuwa sultani? Nataka dada yangu alikute jipya.”

Akavumilia, mgongo ukazidi kukakamaa. Mwishowe akahamia sakafuni, na mkewe akafurahi kwamba sasa godoro halisumbuliwi.

Siku dada alipofika, mke wa fundi aliichana nailoni kwa mikono yake mwenyewe, akatandika shuka jipya. Mgeni akalala fofofo mpaka jua likawaka, kisha akatoka chumbani akijinyoosha.

“Shemeji, una bahati wewe! Kumbe ndiyo raha unayolala kila siku! Haya, mgongo unasemaje?”

Fundi, aliyeamkia sakafuni sebuleni, alijishika kiuno.

“Mimi naijua nailoni tu, shemeji.”