Simu Chini ya Kilemba

Mafundi wenzake walimwita Pindo, kwa sababu pindo za nguo alizoshona hazikuwahi kufumuka. Jina lake la kuzaliwa alikuwa amemwachia mama yake peke yake, naye alilitumia akikasirika. Pindo alikuwa mwanamke wa umri wa makamo, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa. Mume aliwahi kuwepo, lakini huyo tumwache huko huko aliko.

Kila asubuhi, katika chumba cha jengo moja walimoshonea pamoja, kabla ya kukanyaga cherehani, alifanya jambo ambalo wenzake walilizoea hata hawakuliona tena. Alipiga simu, akaichomeka ndani ya kilemba mpaka ikabanwa barabara kwenye sikio la kulia, kisha akakaza fundo. Mikono miwili ikabaki huru kwa kazi. Kuanzia hapo mpaka jua linakuchwa simu hiyo haikukatwa ila kwa bahati mbaya. Wengine walinunua vifurushi vya kutazama video, yeye alinunua vya kuzungumza, na akavimaliza.

Upande wa pili alikuwepo mama yake. Bibi huyu naye alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, mpaka ugonjwa ulipomfifisha macho kidogo kidogo na mwisho ukayazima kabisa. Sasa alishinda peke yake katika chumba walichopanga juu kilimani, mahali ambapo mteja wa nguo hapandi hata umbebe mgongoni. Ndiyo maana Pindo hakuweza kushonea nyumbani, na ndiyo maana simu ikawa mlango ulioachwa wazi kati yao.

Wala hawakuongea sana. Bibi alisikiliza cherehani. Aliweka simu yake kwenye stuli karibu na kitanda, ikiwa kwenye spika, akakaa akisikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza taarifa ya habari. Mara kwa mara alitoa amri.

"Mkanda umelegea huo."

"Nimeuona, mama."

"Hujauona, ungekuwa umeukaza. Na hiyo sindano butu. Haitoboi kitambaa, inakipiga ngumi."

Pindo alisonya kimoyomoyo, kisha akabadilisha sindano, kwa sababu bibi hakuwahi kukosea. Kuna siku moja tu simu ilizimika adhuhuri chaji ilipokwisha, na Pindo akajisemea kwamba haidhuru, jioni si mbali. Bibi alidhani mwanawe amepatwa na jambo. Akatoka akipapasa ukuta kwenda kumtafuta, akaanguka kwenye mtaro wa maji machafu na kuvunjika nyonga. Tangu hapo alitembea kwa kujikongoja, na Pindo akaapa kwamba mlio ule hautakatika tena maadamu yeye yu hai.

Basi mambo yalikuwa yakienda hivyo, mpaka Vifungo alipoota uvimbe.

Vifungo alikuwa kijana aliyekaa cherehani ya pili kutoka dirishani, mtaalamu wa mashati, na uvimbe wenyewe ulikuwa nyuma ya sikio, mkubwa kama kunde. Daktari aliutazama, akaubonyeza, akamwambia ni mafuta tu chini ya ngozi, hauna neno. Lakini jibu la namna hiyo halina utamu. Wiki ile ile ilikuwa inazunguka sauti iliyorekodiwa ya mtu asiyejulikana, ikionya kwamba simu inapika ubongo taratibu kama maharage, na kwamba wakubwa wanajua ila wanaficha. Kila aliyeisikia alimtumia mwenzake, kwa simu. Mwenyekiti wa mafundi aliisikiliza yote akiwa amebana simu moja sikioni, nyingine mbili zikiwa kwenye mifuko ya shati na ya suruali, kisha akasimama katikati ya chumba na kutangaza kwamba hatari iko humu humu ndani.

Palitokea vituko. Mshona mapazia alifunga simu yake kwa karatasi ya kung'aa ya kufungia vyakula, halafu akashinda akilalamika kwamba mtandao siku hizi hauna maana. Mwingine alilaza ya kwake kwenye bakuli la chumvi ili inyonywe sumu. Akapita mtu mmoja nadhifu, akawauzia vibandiko vya kuzuia mionzi, akaondoka na hela zao na tabasamu. Vifungo mwenyewe, ambaye hapo awali alikuwa na kunde tu, sasa alikuwa na kizunguzungu, moyo kwenda mbio na ndoto mbaya.

Mwenyekiti akaweka kapu mlangoni. Sheria ikawa kila aingiaye aache simu humo, mteja au fundi, na aizime kabisa. Macho ya chumba kizima yakageukia kilemba cha Pindo.

"Mimi yangu siizimi," Pindo alisema, mguu ukiwa haujaacha kanyagio.

"Dada Pindo, si kwa ajili yako tu," Vifungo alisema kwa upole. "Mimi nakaa hapa ubavuni kwako. Hayo mambo yanakuja mpaka huku."

"Uvimbe wako daktari amesema ni mafuta."

"Ndivyo wanavyosemaga."

Pindo hakuwa mpumbavu, na lazima lisemwe hili, kwa sababu baadaye watu walimsimulia kana kwamba alikuwa kichwa kigumu asiyejali roho yake. Aliogopa. Jioni akivua kilemba alikuwa akilipapasa sikio, lenye moto na alama nyekundu, akajiuliza kama kweli kuna kitu kinachoiva mle ndani. Akifa yeye, nani atamjazia bibi kimya chake kwa mlio wa cherehani? Kwa hiyo siku ya kumpeleka mama kliniki ya nyonga alimbana daktari pembeni, akamuuliza waziwazi.

Daktari alikuwa mwanamke mchovu mwenye kalamu nywelani. "Nikuambie ukweli ulivyo," alisema. "Hiyo hatari wameitafuta miaka mingi, na hawajaipata kwa uhakika. Hawajaacha kuitafuta. Sitakuapia kwamba haipo, na anayekuapia kwamba ipo naye anakudanganya. Ukiwa na wasiwasi, iondoe kichwani. Iweke mezani, weka spika. Na hilo sikio linauma kwa sababu unalibana na kitu kigumu kutwa nzima, hata ungebana kijiko lingeuma."

Ukweli wa namna hiyo ulimtosha Pindo. Chumbani kwa mafundi haukumtosha mtu. Aliwaeleza yote neno kwa neno, akatoa simu kwenye kilemba mbele yao, akaiweka kwenye ukingo wa meza, mbali na kila kichwa, na cha Vifungo kikiwemo. Mwenyekiti alitikisa kichwa.

"Kwa hiyo hata yeye hajui," alisema. "Si umesikia? Hajui. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Mwenyekiti, wewe hapo una simu tatu mwilini."

"Zangu ni za kazi."

Watu walicheka, naye hakupenda kuchekwa. Akasema kwa sauti ya mkutano kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba kuanzia Jumatatu asiyeweka simu kapuni atafute mahali pengine pa kuweka cherehani. Wengi waliinua mikono kumuunga mkono, hata mshona mapazia, ambaye Pindo alimfundisha kazi. Hilo lilimchoma kuliko maneno.

Sasa ajue msomaji kwamba simu ile ilikuwa kwenye spika wakati wote huo. Bibi alisikia kila kitu.

Kesho yake asubuhi Pindo alipiga simu kama kawaida. Sauti ya mashine ikamjibu kwamba namba hiyo haipatikani. Akapiga tena. Akashona mkono wa gauni, akaushona upande usio wake, akaufumua, akapiga tena. Haipatikani. Picha ya mtaro ikamjia. Akaacha gauni la watu chini ya sindano, akatoka mbio bila hata kuaga, akapanda kile kilima akihema, moyo ukimwambia mabaya tu.

Akamkuta mama yake amekaa kitandani, kajifunika mtandio, amekumbatia kopo kubwa la biskuti la bati.

"Mama!"

"Nini? Mbona unahema hivyo, unafukuzwa?"

"Simu yako iko wapi?"

Bibi akagonga kopo kwa kidole. Jirani alikuwa amemsaidia mara Pindo alipotoka. Walikuwa wameivingirisha simu kwa karatasi ya kung'aa, safu juu ya safu, wakaitia koponi na kubana mfuniko. Bibi alikuwa amefikiri sana usiku kucha na kuona kwamba kama simu yake ndiyo inayotuma ubaya kwenye sikio la mwanawe, basi ubaya huo ufungiwe humu humu, kwake. Mlio utatoka. Sauti hupenya bati, alisema, hata ukigonga kopo si unasikia? Tangu hapo alikuwa ameliweka sikio juu ya mfuniko, akisubiri iite.

"Haikuita," alisema. "Nikasema, basi leo umechoka na mimi."

Pindo akakaa chini, mgongo ukutani, akalia kwa hasira, machozi ya mtu anayetaka kumpiga mtu na hajui ampige nani. Alilia kwa ajili ya sauti ile ya asiyejulikana, na vibandiko, na mikono iliyoinuliwa, na mama aliyekesha akibuni namna ya kumlinda kwa kopo la biskuti.

"Acha kulia," bibi alisema, na sasa akamwita kwa jina lake la kuzaliwa. "Weka simu kapuni kama wenzako. Mimi nitakaa tu. Nimeshaishi. Wewe ndiye macho yangu, nikuue kwa upweke wangu?"

"Mama, nisikilize. Hii nyonga haikuvunjwa na simu. Ilivunjwa na siku ambayo simu haikuwepo."

"Hilo silikatai."

"Ile hatari nyingine hakuna aliyenionyesha. Hii ya kwako nimeiona kwa macho, nimeibeba kutoka mtaroni. Nimeweka simu mbali na kichwa, daktari alivyosema. Zaidi ya hapo sirudi nyuma, si kwa Mwenyekiti, si kwako."

"Watakufukuza."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," Pindo alisema, akafungua kopo, akaimenya simu kama muwa, na zile karatasi akazitupa nje dirishani kwa nguvu zilizopita kiasi.

Jumatatu alifika kabla ya wote. Mwenyekiti alipowasili na kapu lake, mahali pa Pindo palikuwa patupu, vumbi limeacha alama za miguu minne ya cherehani. Akadhani ameshinda. Kisha akasikia mlio wa cherehani ukitokea nje.

Chini ya ngazi za jengo lile palikuwa na uwazi ambao watu walitupia maboksi na baiskeli mbovu. Pindo alikuwa ameomba ruhusa kwa mlinzi, akapasafisha, akaingiza cherehani yake, kiti, na kamba ya kutundikia nguo. Paa lilikuwa chini kiasi kwamba akisimama vibaya anagonga kichwa. Kila aliyepanda ngazi alimwangushia mchanga kwenye kitambaa. Mbu hawakumwonea haya. Lakini nguo alizotundika zilionekana na kila apitaye, na simu ilikaa kwenye kiboksi mbele yake, wazi, spika juu, kana kwamba ni ubao wa duka.

Vifungo alikuja kuchungulia, mkono nyuma ya sikio. "Dada, rudi ndani bwana. Unateseka bure."

"Nani kakuambia nateseka? Hapa kuna upepo."

"Hakuna upepo hapa."

"Basi kuna amani. Rudi ukashone, na uache kupapasa hicho kitu, ndiko kunakokikuza."

Alipoondoka, Pindo aliinama kwenye shono. Cherehani ikalia, na ngazi za zege juu yake zikaurudisha mlio. Akaitazama simu kuona kama haijakatika.

"Uko wapi?" bibi aliuliza.

"Kazini, mama."

"Usinidanganye mimi. Mlio unarudi mara ya pili. Juu yako pako karibu, na hawa wanaopita wanakukanyaga kichwani. Wamekutoa."

Pindo alifikiria kusema uongo mzuri, akaona hana hata mmoja unaoweza kupita kwenye masikio yale. "Nimetoka mwenyewe. Niko chini ya ngazi."

Alisikia stuli ikisogezwa, na pumzi za mama yake zikija karibu na simu.

"Kwa ajili yangu," bibi alisema.

"Kwa ajili yangu mimi. Kule ndani kumejaa mafundi, na hakuna hata mmoja anayeweza kuniambia sindano yangu ikiwa butu."

"Ni butu."

"Nini?"

"Hiyo sindano ni butu tangu asubuhi. Nilikuwa nasubiri kwanza uniambie ukweli."

Pindo akasimamisha gurudumu, akafungua skrubu, akatoa sindano na kuigusa ncha kwa kidole gumba. Akaitupa, akaweka mpya.