Nakala tatu, begi moja

Leo basi limeniacha Mombo, likaondoka na utafiti wangu wote.

Nilishuka kununua ndizi tu. Kugeuka, naliona linachanja lami.

Begi langu limebaki kwenye kiti. Ndani kuna laptopu, flashi na diski ya nje. Msimamizi wangu chuoni alisisitiza nitunze data katika nakala tatu, na mimi ni mtu mtiifu. Nilitunza tatu. Zote begi moja.

Sasa sikieni. Utafiti wenyewe unahusu jinsi wakulima wa Kwedizinga wanavyotunza mbegu za mahindi.

Nikampigia Mama Zaina, mkulima niliyemhoji wiki iliyopita.

"Shikamoo mama. Huenda nikarudi kukuuliza yale maswali upya." Nikamweleza yaliyonikuta.

Akaniuliza:

"Mwanangu, si nilikwambia mbegu zangu nyingine ziko kwa dada, nyingine kwa shemeji kule Mkata, ili nyumba ikiungua nisikose cha kupanda?"

"Uliniambia, mama."

"Ukaandika?"

"Niliandika."

"Sasa ulikuwa unamwandikia nani?"

Hilo swali halikuwemo kwenye dodoso langu.

Begi nimelifuata kwa basi jingine hadi Same. Kondakta, Mungu ambariki, aliliacha kwa wakala wa tiketi.

Wenzangu mnaoandika tasnifu, kabla hamjanicheka, fungueni mabegi yenu kwanza.

Flashi yangu inarudi Kwedizinga. Mama Zaina kasema ataiweka kwenye debe la mbegu, mradi nimwambie msimamizi ni nani kanifundisha.