Benchi la Mama

Baba yangu, fundi saa, ndiye aliyenifundisha kulenga shabaha, na sheria yake ya kwanza ilikuwa: ukitaka kugeuka, weka bunduki chini. Kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha walimwita Mkono Jiwe. Kila alipopata katikati, aliiweka bunduki chini, akageuka kumtazama mama, aliyekaa kwenye benchi la nyuma akimpigia makofi.

Mama alipofariki, baba akaanza kugeuka na bunduki mkononi. Akaonywa, akaomba radhi, akarudia. Wanachama wakaleta yale ya funika kombe mwanaharamu apite. "Mwacheni, mzee wa watu ana majonzi." Tumwache mpaka amuue nani? Msimamizi wa usalama ni mimi, na kuna watu niliwafukuza kwa kosa hilohilo.

Jumamosi moja mtutu ulinielekea kifuani. Nikaishika bunduki, nikaitoa risasi iliyokuwa ndani.

"Baba, basi. Hutapiga tena hapa."

"Nimemsikia akipiga makofi, mwanangu."

Bado huja kila Jumamosi. Hukaa kwenye benchi la mama, na mtu akipata katikati, humpigia makofi.

Hakuna anayegeuka kumtazama.