Kinachokuja Baada ya Nzuri

Nilipoanza kazi kwenye kiwanda cha kamba za katani hapa Tanga, kila asubuhi tulisimama getini kabla mashine hazijawashwa. Msimamizi alikuwa mdogo kuliko wengi wetu, kwa hiyo alianza kwa kuamkia. Shikamoo mama, shikamoo mzee, habari za mashine? Kila mtu alijibu nzuri, hata aliyekuwa na kidole kimefungwa kitambaa. Kisha msimamizi alingoja, kwa sababu habari yenyewe huja baada ya nzuri. "Nzuri, ila jana ilipiga kelele." Hapo ndipo alipoandika kwenye daftari lake.

Mimi nilisema nzuri tu. Nina haya, na niliishia darasa la saba. Nilipangwa mashine moja na mama mmoja wa Muheza aliyesokota kamba miaka mingi. Alinifundisha kulisha mashine singa, zile nyuzi za katani, bila kutazama vidole. Siku aliyoniona naandika jina langu kwenye karatasi ya zamu, herufi moja moja, alicheka. "Mwanangu, wewe ukitumwa kumwita daktari, mgonjwa atapona mwenyewe."

Halafu ofisi kuu, iliyoko Raskazone, ikataka kila kitu kiandikwe. Mkutano wa getini ukafa. Tukaingizwa kwenye grupu la simu. Msimamizi alituma kazi za siku, nasi tukaweka dole gumba. Mama hakuwa na simu ya namna hiyo. Nilimsomea mimi.

Jumanne moja msimamizi alipita kwenye mashine yetu akitazama simu yake.

"Shikamoo mama, habari za mashine?"

"Marahaba. Nzuri," mama akasema, akanyamaza kidogo kama tulivyozoea. "Ila mkanda umelegea. Huu utakatika."

Msimamizi alikuwa ameshapiga hatua. "Haya mama, kazi njema."

Alhamisi mkanda ukakatika. Hakuna aliyeumia, lakini mashine ilisimama. Jumamosi ujumbe ukaingia: mwendeshaji hakutoa taarifa, ataachishwa kazi, mwenye maelezo mengine aandike kabla ya saa sita mchana.

Nilimsomea mama. Akaenda kwa msimamizi, akarudi.

"Anasema maneno ya mdomo hayana kumbukumbu, niandike. Niandike na nini? Wewe ulikuwepo, mwanangu. Waandikie."

Nilikaa juu ya robota la singa. Kwenye grupu walikuwemo wakubwa wa Raskazone, kwa hiyo sikuweza kuingia na jambo moja kwa moja. Niliandika shikamoo kwa wote, nikauliza habari za kazi, nikatuma. Kisha nikangoja waitikie. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Humwagi habari kabla hujaitikiwa.

Hakuna aliyeitikia. Baada ya muda msimamizi aliweka dole gumba kwenye salamu yangu.

Nikaanza kuandika habari yenyewe. Kwamba Jumanne mama alisema mkanda umelegea, na mimi nilisikia. Nililifuta neno taarifa mara tatu. King'ora cha saa sita kilipolia nilikuwa nimebakiza mstari mmoja. Niliumaliza. Nilipotaka kutuma, grupu lilikuwa limefungwa, wakubwa tu ndio walioweza kuandika.

Msimamizi alikuwa mlangoni, hatua kama ishirini kutoka pale nilipokaa. Nilimtazama. Sikuinuka.

Mama alikuwa anakunja kanga yake.

"Umewaandikia?"

"Nimewaandikia."

"Wamesemaje?"

"Wameweka dole."

"Hee, dole," akasema. Akachukua bakuli lake la chakula akaondoka. Hakunigombeza.

Jumatatu ujumbe ulisema mashine ile niendeshe mimi. Niliweka dole. Mkanda ulikuwa mpya, singa zilipita vizuri, nami sikutazama vidole. Mchana msimamizi alipita.

"Habari za mashine?"

"Nzuri," nikasema.

Safari hii alisimama, akaishusha simu, akangoja. Nilisikia mashine ikizunguka. Alingoja kitambo, kisha akaendelea na njia yake.